Mganga hajigangi

Jioni moja baada ya rozari mama mmoja alikuja kutuona nyumbani. Watu wengi wa parokia wanamfahamu, kwa hiyo jina lake hatutaliandika. Kazi yake ni kusikiliza. Tangu asubuhi mpaka saa tisa anakaa katika chumba kidogo chenye meza moja na viti viwili, na watu wanaingia mmoja mmoja kumweleza mambo ambayo hawakumweleza hata mama yao mzazi: wanawake walioshikwa kwa nguvu na watu wa bunduki, vijana waliotwaliwa kuwa askari kabla ya kuota ndevu, wazee walioona nyumba na watoto wao wakiteketea pamoja.

Akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, moyo wangu umekufa. Juzi msichana alilia mbele yangu, nami nilikuwa nikihesabu bei ya unga wa muhogo. Maneno yote niliyofundishwa nikamwambia, hata moja halikukosa. Yeye akashukuru, akaenda. Nami nikaona haya kama mwizi. Niambieni, ni dhambi? Niende kuungama?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia mambo mawili matatu ya kumtuliza, na alipokwisha kwenda tukaona ya kwamba maneno yetu yalikuwa kama yale aliyompa yule msichana: yote ya kweli, lakini hakuna moja lililotoka moyoni. Tangu hapo swali lake limetufuata. Leo, wapenzi wasomaji, tunataka kulichungua pamoja nanyi.

Kwanza tujue kazi hii ni kazi gani. Kuna watu waliosoma elimu ya nafsi, ndio wanaoitwa wanasaikolojia, na kuna wasaidizi wao waliofundishwa kwa miezi au miaka michache. Huku kwetu Kivu, wale wa kwanza ni wachache sana, wale wa pili ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo. Katika hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa na daktari Denis Mukwege huko Bukavu mwaka 1999, wagonjwa wanawaita wasaidizi hao "Maman Chérie", maana yake mama mpendwa. Dunia nzima ilimfahamu daktari huyo alipopewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Na ilikuwa haki. Lakini mpasuaji anashona jeraha, halafu mgonjwa anaamka, anakumbuka. Hapo ndipo kazi ya mama mpendwa inapoanza, na kazi hiyo haina uzi wala sindano. Ana masikio yake tu, na moyo wake.

Kuna Wakristu wanaodharau kazi hiyo. Wanasema: sala inatosha, au wanasema mgonjwa wa namna hii amerogwa, apelekwe kwa mtu wa maono akafunge siku saba bila maji. Tumewaona waliorudishwa kutoka huko wakiwa nusu ya wafu. Kanisa halikusema hivyo kamwe. Papa Pio wa Kumi na Mbili alizungumza na wataalamu wa kutibu nafsi waliokutanika Roma mwaka 1953, akaipa kazi yao heshima na mipaka yake pia. Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Padri Triest huko Ubelgiji mwaka 1807, wamewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia mbili, na sisi watu wa Bukavu tunawajua. Na marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alisema wazi, katika kitabu kilichotoka mwaka 2017, ya kwamba alipokuwa na miaka 42 alikwenda kila juma, muda wa miezi sita, kwa mama mmoja Myahudi aliyekuwa mtaalamu wa kazi hiyo, ili ayaone mambo yake vizuri. Papa mwenyewe! Basi tuliache hilo, tuendelee.

Uchovu wa yule mama una jina. Aliyelitoa ni Herbert Freudenberger, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1926, akakimbia Wanazi akiwa bado mtoto, akafika New York. Huko akawa mwanasaikolojia. Mchana aliwapokea wagonjwa wake wa kulipa. Usiku alikwenda kufanya kazi bure katika kliniki ya vijana maskini walioharibiwa na madawa ya kulevya. Pale akaona jambo la ajabu: wenzake waliokuja na moto mwingi kuliko wote ndio waliozimika mbele ya wengine. Wakawa wachovu, wenye hasira, wenye dharau kwa wale wale waliokuja kuwasaidia. Akaliona jambo hilo ndani yake mwenyewe pia. Mwaka 1974 akaandika juu yake, akaliita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuungua mpaka mwisho, kama taa iliyonyonya mafuta yote ikaanza kula utambi. Mwaka 2019 Shirika la Afya la Dunia liliandika jambo hilo katika orodha yake kubwa, wala halikuliita ugonjwa, lakini jambo linalotoka katika kazi. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, hata kuidharau, na kujiona hufai tena. Mama yetu alikuwa nazo zote tatu, na hajapata kusikia habari za New York.

Juu ya hayo liko jambo lingine ambalo mpagazi wa mawe halijui. Yale yanayosemwa chumbani hayabaki chumbani. Msikilizaji hakuwako porini, lakini usiku anaota pori. Akisikia pikipiki ikisimama nje anashtuka. Binti yake akichelewa kurudi shuleni, yeye anaona tayari maiti. Tena hawezi kumweleza mtu, hata mume wake, kwa sababu siri ya kazi inamfunga. Mume anamwuliza, "Leo habari gani?" naye anajibu, "Nzuri tu." Watu wa pwani wana mithali: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana yake, uchungu wa mwingine ni mwepesi kwetu kama mfuko wa pamba. Kwa watu wengi ni kweli. Kwa mama huyu mithali imegeuka: kila siku anabebeshwa mifuko ya watu, na ndani si pamba.

Sasa swali. Je, mtu wa namna hii akijiwekea mpaka, akisema "leo siwezi kumpokea mwingine", anavunja amri ya mapendo? Tunajua hoja ya wale wanaosema ndiyo, na si hoja ya wapumbavu. Wanasema: Bwana wetu hakujiwekea mpaka msalabani. Padri Damiani alikaa Molokai na wenye ukoma mpaka naye akaupata, akafa mwaka 1889, na Kanisa limemtangaza mtakatifu. Kwa nini basi mama mmoja wa Kivu aseme amechoka?

Tulipolifikiri jambo hilo tulirudi kwa Mtakatifu Toma wa Akwino, tuliyemsoma zamani seminarini kwa usingizi mwingi, Mungu atusamehe. Mtakatifu Toma anafundisha ya kwamba mapendo yana utaratibu. Anasema roho ya jirani tuipende kuliko mwili wetu wenyewe. Hapo Padri Damiani anapata haki: alitoa mwili. Lakini mwalimu huyo huyo anasema pia ya kwamba mtu lazima aipende roho yake kuliko jirani yake. Yaani hana ruhusa kuiharibu roho yake kwa ajili ya mtu yeyote, hata kwa kumfanyia mema.

Tazameni basi. Mpagazi akichoka, kinachochoka ni mgongo. Analala, anaamka, mgongo umepona, na moyo wake ni ule ule. Lakini msikilizaji anafanya kazi kwa chombo gani? Kwa ule uwezo wake wa kuhurumia. Chombo hicho ndicho kinachochakaa. Akizidi kukitumia bila kukipumzisha, hatoi tena sadaka. Anapoteza kile alichokuwa akikitolea sadaka. Atakuwako kitini, atasema maneno, lakini ndani hamna mtu. Na mgonjwa, ambaye uchungu umemfundisha kusoma nyuso, atajua siku moja kwamba anaongea na kiti. Padri Damiani alipokwisha kuharibika uso, upendo wake ulibaki mzima. Kumbe, tukimtaja yeye ili kumsukuma mtu ambaye huruma yake yenyewe ndiyo inayokufa, tunalinganisha mambo mawili yasiyofanana.

Mwingine atauliza: lakini huruma si ndiyo kuuchukua uchungu wa mwenzio uwe wako? Hapa tunaomba msomaji asituache, maana tunafikiri kosa kubwa limejificha hapa. Mwaka 1916, huko Freiburg, msichana mmoja Myahudi aliyeitwa Edith Stein alipata udaktari wa filosofia kwa kitabu alichoandika juu ya jambo hili hili: namna gani mtu mmoja anaweza kuyajua maumivu ya mwingine. Wala hakuandika kwa kukisia tu. Mwaka 1915 alikuwa muuguzi wa Msalaba Mwekundu katika hospitali ya askari waliokuwa na magonjwa ya kuambukiza. Alionyesha ya kwamba ninapouona uchungu wako, kweli ninauona, si kwa kubahatisha. Walakini unabaki uchungu wako. Wewe unauonja kwenye chemchemi. Mimi ninauona kwako. Baadaye alibatizwa, akawa mtawa Mkarmeli, na Wanazi walimwua Auschwitz mwaka 1942. Tunamheshimu kama Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba. Mtu aliyekufa vile hatuwezi kumshitaki kwamba alifundisha ubaridi.

Mafundisho yake yanatusaidia hivi. Msikilizaji anayesema "uchungu wako sasa ni wangu" anadhani amependa sana. Lakini amefanya mambo mawili mabaya bila kutaka. Kwanza, amemnyang'anya mgonjwa kitu chake. Yule msichana alitendewa yeye, ni yeye atakayeweza siku moja kuutazama uchungu ule na kusema, "Ulinipata, lakini mimi si wewe." Hakuna mtu wa kulisema hilo badala yake. Pili, sasa wamezama wawili, na nani atashika kamba? Aliye mtoni kuokoa mtu lazima mguu wake mmoja ubaki kwenye jiwe. Hilo si choyo, ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo mpaka si adui wa mapendo. Kitabu Kitakatifu kimejaa mipaka ya namna hii, ila tunaisoma haraka. Musa alikaa tangu asubuhi mpaka jioni akisikiliza mashauri ya watu, na mkwe wake Yetro alipoona akamwambia wazi kwamba si vema, atajichosha yeye na watu pia, achague wakubwa wa maelfu na wa mamia na wa kumi kumi. Na Musa, nabii mkubwa kuliko wote, hakuona aibu kufundishwa na mzee wa kabila lingine. Eliya alilala chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi akampa tena. Bwana wetu mwenyewe, mitume waliporudi kutoka safari yao na watu wakawasonga hata hawakupata nafasi ya kula, aliwaita waende mahali pa upweke wakapumzike. Mtakatifu Toma naye, akiandika juu ya dawa za huzuni, anataja machozi, na rafiki, na kuitazama kweli; kisha, bila haya yoyote, anataja usingizi na kuoga. Tulipoyasoma hayo seminarini tulicheka. Hatucheki tena.

Turudi kwenye ungamo. Dhambi inataka mtu ajue na akubali. Yule mama hakuchagua moyo wake ufe. Aliuona umekufa akashtuka, akaja usiku kutafuta msaada. Kushtuka kule ni alama kwamba haukufa kabisa. Basi ubaridi wenyewe si dhambi, kama vile ganzi ya mguu si uvivu.

Lakini hatutaki kumpaka mafuta. Mithali inasema mganga hajigangi, na waganga wengine wanaifanya kuwa sifa. Wanajua dawa ya kila mtu, ila wao hawataki kutibiwa. Mzee Freud hakuwa rafiki wa dini, walakini mwaka 1937 aliwashauri wenzake kwamba kila mmoja wao arudi kila baada ya miaka mitano hivi kukaa kwenye nafasi ya mgonjwa, wala asione haya. Hapo alisema kweli. Tulipomwuliza mama yetu kwa nini hakumwambia mkubwa wake wa kazi, alijibu, "Atasema siwezi kazi." Tulipomwuliza kwa nini hakumwachia mwenzake watu wengine, alisema, "Hawatamzoea." Hapo kuna kitu cha kuchunguza mbele ya Mungu. Mtu akianza kuamini kwamba bila yeye hakuna atakayepona, amekalia kiti ambacho si chake. Mwokozi yuko mmoja, naye amekwisha kufanya kazi yake.

Na sisi? Hapa ndipo tulipoona haya kweli. Ni nani aliyekuwa akimpelekea watu nyumbani usiku? Sisi. Mjane akilia baada ya maziko, tunasema, "Nenda kwa mama fulani, ni kazi yake." Kijana akitaka kujiua, tunampeleka mlangoni pake saa nne ya usiku, nasi tunarudi kulala tukidhani tumefanya tendo la huruma. Jumapili akitoka Misani hafiki barabarani kabla ya kushikwa mkono na watu watatu. Tumemfanya awe masikio ya parokia nzima, ili sisi tupate kuwa viziwi. Kuwafariji wenye huzuni ni tendo la huruma la kila Mbatizwa. Hatukusoma mahali popote kwamba limekabidhiwa watu wenye cheti peke yao. Kweli, yako majeraha yanayotaka mtaalamu, na mtu asiyejua akiyagusa anayaongeza. Lakini mjane wa juzi hataki mtaalamu. Anataka mtu wa kukaa naye kwenye mkeka.

Tukumbuke pia mshahara. Wengi wa wasaidizi hawa wanalipwa na miradi ya wageni. Mradi ukiisha, franka zinaisha, na wagonjwa hawaishi. Mwaka 2025 vita viliingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na katika mwaka ule ule serikali ya Marekani ilikata misaada yake mingi. Majeraha yaliongezeka, waliolipwa kuyasikiliza wakapungua. Mtu anayewaza karo ya watoto wake huku akisikiliza habari za mauaji, akihesabu bei ya unga, je, tumshangae? Pengine hesabu ile haikuwa ubaridi. Ilikuwa njaa.

Jumapili iliyofuata alirudi, nasi tukamweleza sehemu kubwa ya haya. Alisikiliza vizuri, maana ndiyo kazi yake. Kisha akasema, "Mwalimu, ni maneno mazuri. Lakini kesho kuna watu kumi na wawili mlangoni."

Ni kweli, wala hatuna hoja ya kuwaondoa watu kumi na wawili. Tulifanya tulichoweza. Kwenye baraza la parokia tulisema jambo hili bila kumtaja, na wote walijua ni nani. Ikakubaliwa kwamba baada ya Malaika wa Bwana wa jioni asipelekewe mtu nyumbani, ila kama ni hatari ya maisha. Mama wa Legio Maria wakachukua zamu ya kukaa na wafiwa. Yeye mwenyewe alimwendea mkubwa wake wa kazi, aliyekuwa akimwogopa bure, na tangu wakati huo wasaidizi wote wanakutana kila Ijumaa saa nane, mlango umefungwa, kila mmoja anaeleza mzigo wa juma lake bila kutaja jina la mgonjwa. Pia alipata siku kumi za ruhusa. Alituambia ya kwamba mbili za kwanza alilala tu, dada yake akafikiri ni malaria.

Juzi tulikutana naye sokoni. Tulimwuliza habari za moyo. Akasema siku nyingine unarudi, siku nyingine haurudi, na siku usiporudi anawaambia wenzake Ijumaa. Halafu akatuomba radhi, akageuka kubishana na mwuzaji juu ya bei ya unga.